Mvumo na mkwaruzo katika amplifaya ya besi: tafuta chanzo kabla ya kufungua boksi

Swali: Nina amplifaya ya besi ya transista, wati 100, yenye spika moja ya inchi 12 ndani ya boksi lake, niliyoinunua ikiwa imeshatumika kwa miaka mingi. Nikiiwasha inavuma. Nikichomeka gitaa kelele huongezeka na kuwa kali, hasa usiku, lakini nikishika nyuzi hupungua sana. Hata nikipunguza sauti hadi mwisho kuna mvumo unaobaki. Kelele huzidi tena ninapoiunganisha na kompyuta ili nirekodi. Rafiki mmoja ananishauri niondoe pini ya ethi kwenye plagi, na mwingine anasema nibadilishe kapasita zote. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, maelezo yako yananionyesha kwamba huna kelele moja bali mbili, na inaelekea ipo ya tatu inayojitokeza pale kompyuta inapoingia. Hapo ndipo wengi hukwama. Mtu hutafuta chanzo kimoja, hurekebisha jambo ambalo kweli lilikuwa na kasoro, lakini kwa kuwa kelele ya pili ingali inasikika huamini kwamba hajafanya lolote, na pengine hata hurudisha vitu vilivyokuwa. Kwa hiyo nakushauri usinunue kifaa chochote wala usifungue skrubu hata moja mpaka umeitenga kila kelele na kujua inabadilika kwa sababu gani. Kelele ya umeme hujitambulisha kwa yale inayoitikia: nobu fulani, mkono juu ya nyuzi, mwelekeo uliokaa, taa iliyowashwa. Ukishajua inaitikia nini, sehemu ya kuchunguza huwa imepungua kutoka amplifaya nzima hadi vipande vichache.

Kwanza, hilo la pini ya ethi uliondoe kabisa katika mawazo yako. Nyuzi za besi yako zimeungwa na daraja la gitaa, daraja limeungwa na wavu wa nje wa kebo, na wavu huo umeungwa na chesisi (fremu ya chuma) ya amplifaya. Chochote kinachoipata chesisi kitaipata mikono yako. Siku ambayo waya wa umeme wa gridi utachubuka na kugusa chesisi, au insulesheni ya transfoma itakapokufa, ethi ndiyo itakayopitisha mkondo mkubwa kiasi cha kukata fyuzi au kuangusha swichi ya usalama. Bila ethi, fyuzi haitakatika, amplifaya itaendelea kulia kama kawaida, na nyuzi zitakuwa na umeme kamili zikimngoja mtu atakayezishika huku akigusa kitu kingine kilichounganishwa na ardhi. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni iliyokuwa na hitilafu ya ethi. Naelewa kwa nini ushauri huo unasambaa: mara nyingine pini ikiondolewa mvumo hupungua kweli. Unapungua kwa sababu kitanzi cha ethi kimekatwa, na kitanzi hicho kinaweza kukatwa upande wa mawimbi ya sauti, bila kuugusa upande wa usalama, kama nitakavyoeleza hapo chini. Kama umewahi kuhisi msisimko mdogo wa umeme vidoleni unapogusa nyuzi na kifaa kingine kwa pamoja, chomoa amplifaya na umwite fundi umeme apime soketi, maana soketi yenye matundu matatu inaweza kabisa kuwa haina waya wowote wa ethi nyuma yake.

Sasa tuje kwenye sikio lako, ambalo kwa mpigaji besi ni kipimo kizuri kuliko anavyodhani. Umeme wa gridi hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, yaani Hz 50, katika nchi nyingi, na mizunguko 60 katika nchi nyingine kama Marekani. Umeme huo unapoingia kwenye amplifaya hupitia transfoma, kisha daiodi nne zinazougeuza uwe wa upande mmoja. Kwa kuwa daiodi hizo huigeuza nusu hasi ya wimbi na kuiweka juu, kinachotoka ni vilele 100 kwa sekunde mahali penye Hz 50, au 120 mahali penye Hz 60. Kutokana na hilo, mvumo wa Hz 50 na mvumo wa Hz 100 si kitu kimoja ingawa sikio lisilozoea huviona sawa. Ule wa Hz 50 kwa kawaida umeingia kabla ya daiodi au kutoka nje: sumaku ya transfoma, pikapu ya gitaa, kitanzi cha ethi. Ule wa Hz 100 ulio laini na wa kudumu huelekeza kidole kwenye pawa saplai, yaani sehemu inayoutayarisha umeme kwa ajili ya amplifaya.

Namna ya kuvitofautisha ni hii. Tyuni besi yako vizuri, kisha ichomoe kwenye amplifaya na uache amplifaya ikivuma peke yake. Kaa karibu na spika, lipe sikio moja mvumo, na sikio la pili ulilaze juu ya pembe ya mwili wa gitaa, kisha piga uzi wa G bila kubana popote. Uzi huo hutoa Hz 98, karibu sana na 100. Kama mvumo ni wa Hz 100 utasikia sauti mbili zikisuguana na kupanda na kushuka taratibu, takribani mara mbili kila sekunde. Ikiwa mvumo uko oktavu moja chini, piga noti ya G iliyoko kwenye uzi wa E, kibano cha tatu, ambayo ni Hz 49. Hapo upandaji na ushukaji utakuwa wa polepole zaidi, kama mara moja kwa sekunde. Mahali penye Hz 60, noti za kulinganisha ni B ya uzi wa A kibano cha pili, ambayo ni Hz 61.7, na B ya uzi wa G kibano cha nne, ambayo ni Hz 123.5. Angalizo moja tu: spika ndogo haitoi Hz 50 kwa nguvu, kwa hiyo sikio linaweza kuikosa noti ya msingi na kushika ile ya oktavu ya juu. Spika yako ya inchi 12 inatosha kwa jaribio hili, lakini yenye inchi 8 ingenitia shaka.

Mkwaruzo ni jambo jingine. Huo una noti ya msingi ileile, lakini juu yake zimerundikana noti nyingine nyingi hadi sauti inakuwa kavu na yenye makali. Makali hayo hutokana na wimbi la umeme lililokatwa ghafla, na vinavyolikata vinajulikana: swichi za kupunguzia mwanga wa taa, taa za LED za bei rahisi, chaja za kompyuta na simu, mota za feni. Umesema kelele huzidi usiku. Usiku ndipo taa zinapowashwa, na kwangu hiyo ni dalili nzito kuliko nyingine zote ulizotaja. Washa amplifaya na besi, kisha mtu mwingine azime taa moja baada ya nyingine nyumba nzima huku ukisikiliza. Simu ya mkononi nayo iweke mbali. Simu inapotumia mtandao wa GSM hutuma mawimbi kwa vipande vinavyojirudia takribani mara 217 kwa sekunde, na vipande hivyo husikika katika amplifaya kama mlio wa kudonoadonoa unaokuja na kuondoka.

Baada ya hapo, tenganisha. Chomoa kila kitu: gitaa, pedali, kompyuta, vipokea sauti. Iache amplifaya na waya wake wa umeme tu. Tundu la kuingizia gitaa katika amplifaya nyingi lina kipande cha chuma ndani yake ambacho, kama hakuna jeki iliyochomekwa, huunganisha njia ya sauti na ethi ili isiwe wazi. Kwa hiyo amplifaya isiyo na gitaa inapaswa kuwa karibu kimya hata nobu zikifunguliwa. Ikiwa inakwaruza sana ikiwa tupu na kutulia inapochomekwa kebo, kipande hicho kimeshika kutu na kinahitaji dawa ya kusafishia viunganishi pamoja na kuchomeka na kuchomoa jeki mara kadhaa. Ili kuondoa shaka, tengeneza jeki ambayo ncha yake na shina lake vimelehemiwa pamoja; ukiichomeka, njia ya kuingilia inakuwa kimya kwa lazima, na kinachosikika baada ya hapo ni cha amplifaya yenyewe.

Ukiwa katika hali hiyo, zungusha nobu moja moja. Mvumo unaopanda na kushuka pamoja na nobu ya sauti ya kwanza unazaliwa kabla ya nobu hiyo. Usioitikia nobu ya kwanza lakini unaitikia nobu kuu uko kati ya hizo mbili, na mara nyingi ni hatua ya awali (sehemu inayokuza kwanza sauti ndogo ya gitaa) inayolishwa umeme mchafu: katika amplifaya za transista sehemu hiyo hupata volti 15 chanya na 15 hasi kutoka kwa vidhibiti vidogo vya volti, na kapasita zilizo pembeni mwa vidhibiti hivyo huchakaa kama nyingine. Ule usioitikia nobu yoyote, kama ulivyosema kuhusu wako, uko katika hatua ya nguvu (sehemu ya mwisho inayosukuma spika) au katika pawa saplai kubwa. Kama nyuma ya amplifaya kuna matundu mawili yaliyoandikwa SEND na RETURN, yaunganishe kwa kebo fupi. Viunganishi vya ndani ya matundu hayo huchakaa bila mtu kujua kwa kuwa wengi hawayatumii kamwe, na kebo hiyo huviruka.

Kuna pia mvumo usiotoka kwenye spika kabisa, nao huwasumbua watu bure. Transfoma hutikisika kidogo kwa sababu ya sumaku yake, na skrubu zikilegea boksi zima la mbao hutikisika pamoja nayo. Weka kiganja juu ya boksi, kisha sogeza sikio kutoka kwenye koni ya spika kwenda nyuma. Katika amplifaya ya transista unaweza kuizima, kuchomoa waya wa spika, na kuiwasha tena uone kama mvumo bado upo. Ikiwa upo, kaza skrubu za transfoma na suala limekwisha. Jaribio hilo usilifanye kamwe kwenye amplifaya ya valvu (inayotumia mirija ya kioo badala ya transista), kwa maana transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua ikiwashwa bila spika.

Tuchukue sasa kelele inayokuja na gitaa. Umesema ukishika nyuzi hupungua. Wengi hufasiri hivyo kwamba ethi ya gitaa imekatika, lakini maana yake ni kinyume chake: ethi ya nyuzi ni nzima, na ndiyo maana kuishika kunaleta utulivu. Kinachotokea ni kwamba mwili wako, ukiwa umezungukwa na nyaya za umeme ukutani na taa darini, hubeba volti kidogo ya masafa ya gridi na kuipitisha kwa ukaribu tu hadi kwenye nyaya za ndani ya gitaa. Unaposhika nyuzi, mwili unaunganishwa na ethi, volti hiyo inatoweka, na wewe mwenyewe unageuka kuwa kinga kati ya gitaa na chumba. Kama ungeshika nyuzi na kelele ikaongezeka, hapo ningekuambia ufungue kifuniko cha nobu mara moja, kwa sababu ama waya wa daraja umekatika ama nyaya mbili za tundu la jeki zimepishanishwa.

Dawa ya hali yako ni kuipa gitaa kinga ya ndani. Shimo lenye nobu na shimo la pikapu hufunikwa kwa utepe wa shaba wenye gundi inayopitisha umeme, au kwa rangi maalumu yenye kaboni iliyopakwa mara mbili tatu, kisha kinga hiyo yote huunganishwa na waya wa ethi wa gitaa. Kazi hii huharibika mahali pawili. Pa kwanza ni kipande cha shaba kilichobaki peke yake bila kuungana na vingine. Chukua mita, iweke kwenye ohmu, gusa kipande kimoja na shina la tundu la jeki, na usikubali zaidi ya ohmu moja hivi popote (rangi ya kaboni itasoma juu zaidi, na hilo ni la kawaida). Pa pili ni mguu wa potenshomita (kifaa kilicho chini ya nobu) au ncha ya tundu la jeki kugusa shaba unapofunga kifuniko, ukakuta gitaa limekuwa bubu. Bandika kipande cha utepe wa kuhami hapo kabla ya kufunga.

Hata hivyo kinga ya shaba haizuii kila kitu. Inazuia athari ya volti, haizuii sumaku. Pikapu yenye koili moja ni koili ya waya kuzunguka sumaku, na sumaku ya transfoma yoyote iliyo karibu huingia humo moja kwa moja, ikiwemo ile ya amplifaya yako mwenyewe. Kelele ya namna hiyo haijali kama umeshika nyuzi au hukushika, lakini inajali mwelekeo. Keti na besi mapajani na uzunguke polepole juu ya kiti: utafika mahali mvumo unakaribia kufa, na ukiendelea utarudi. Sogea mita moja au mbili kutoka kwenye amplifaya na uone tofauti. Ikiwa besi yako ina pikapu mbili za koili moja, kila moja na nobu yake, kama ilivyo kwenye Fender Jazz Bass iliyotoka mwaka 1960 na besi nyingi zilizoiiga, fungua nobu zote mbili hadi mwisho. Pikapu hizo kwa kawaida zimezungushwa kinyume ili mvumo wa moja uufute wa mwenzake, na ufutaji huo hukamilika pale tu zinapokuwa na nguvu sawa; punguza moja kidogo na mvumo unarudi. Hiyo ni tabia ya ubunifu wake, haina hitilafu ya kutafutwa. Mwenye kutaka kuimaliza kabisa hununua pikapu zenye koili mbili ndani ya umbo lilelile. Pikapu iliyogawanywa vipande viwili, ambayo Precision Bass imekuwa nayo tangu 1957, haina tatizo hili kwa kuwa vipande vyake hufutana vyenyewe.

Kebo nitaitaja kwa haraka kwa sababu jaribio lake ni jepesi: badilisha kwa nyingine unayoiamini. Wavu ukikatika karibu na jeki, kelele huwa kubwa na hubadilika unapoikunja kebo mahali hapo. Lakini hakikisha pia kwamba hutumii kebo ya spika kwa gitaa. Jeki zake zinafanana kabisa, ila ndani kuna nyaya mbili tupu zisizo na wavu wa kinga, na gitaa kupitia kebo hiyo litavuma hata katika nyumba tulivu. Pedali nazo zijaribu kwa betri. Zikinyamaza kwa betri na kupiga kelele kwa adapta, adapta ndiyo mkosaji.

Kompyuta inastahili maelezo zaidi. Amplifaya yako ina ethi kupitia plagi yake, na kompyuta ina ethi kupitia plagi yake. Unapoziunganisha kwa kebo ya sauti, wavu wa kebo hiyo unakuwa njia ya pili ya ethi, na njia hizo mbili zinafunga kitanzi. Sumaku ya umeme wa nyumbani huzalisha mkondo mdogo ndani ya kitanzi, mkondo huo unapita kwenye wavu, na volti ndogo inayobaki kati ya ncha mbili za wavu inajumlishwa na sauti yako. Kuthibitisha ni rahisi kama unatumia kompyuta ya mapajani: chomoa chaja na urekodi kwa betri. Kelele ikitoweka, umeshalijua jibu. Kwanza chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja ili kitanzi kiwe kidogo. Kama haitoshi, na amplifaya yako ina tundu la DI (la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa cha kurekodia au mikseri) lenye swichi ya kukata ethi, tumia swichi hiyo. Inachokata ni wavu wa kebo ya sauti peke yake, huku ethi ya plagi ikibaki mahali pake. Kama haina, weka katikati transfoma ya kutenganisha sauti au boksi la DI lenye transfoma, kifaa kinachopitisha sauti kwa sumaku bila waya wowote kuunganisha pande mbili. Na ikiwa unachosikia ni filimbi nyembamba ya takribani Hz 1000 badala ya mvumo, hiyo mara nyingi ni USB, ambayo mawasiliano yake huenda kwa vipindi vya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hapo kitanzi kinapita kwenye kebo ya USB yenyewe, na transfoma ya sauti itasaidia vilevile.

Tumefika kwenye mvumo unaobaki nobu zote zikiwa sifuri, na hapa rafiki yako wa kapasita huenda ana haki. Kapasita kubwa za pawa saplai ni kama tangi la maji juu ya paa: daiodi hulijaza kwa vipindi, na amplifaya hunywa kutoka humo bila kusubiri. Kati ya kujazwa na kujazwa kuna takribani milisekunde 10 kwenye umeme wa Hz 50. Kapasita ya mikrofaradi 4700 inayotoa ampea 1 kwa muda huo hushuka kwa kama volti 2, na amplifaya nzuri huvumilia hilo. Kapasita ileile ikikauka kwa joto na umri hadi ikabaki na mikrofaradi 1000, inashuka kwa volti 10, na mtikisiko huo hujipenyeza hadi kwenye spika. Kwa kuwa amplifaya iliyotulia hunywa mkondo mdogo, mvumo unaweza kuwa wa wastani ukiwa kimya lakini noti zikaharibika ukipiga kwa nguvu. Piga E ya chini uiache idumu: ukisikia noti ikitetemeka, au noti nyingine isiyohusiana na wimbo ikijitokeza nyuma yake, pawa saplai imechoka.

Dalili nyingine ndani ya familia hiyo ni mvumo ambao zamani ulikuwa wa Hz 100 na sasa umeshuka kuwa wa 50. Hapo daiodi moja imekatika na tangi linajazwa nusu ya mara zilizotakiwa. Kubadilisha kapasita hakutasaidia. Na ikiwa siku moja utawasha ukasikia mvumo mkubwa wa ghafla, huku koni ya spika ikisukumwa upande mmoja na kubaki huko, zima papo hapo. Transista ya hatua ya nguvu imekufa na volti yote ya pawa saplai imeingia kwenye spika. Koili ya spika ya ohmu 8 ina kama ohmu 6 kwa umeme wa DC (wa upande mmoja), hivyo volti 35 zitamwaga humo takribani wati 200 za joto bila kukoma, na spika itaungua kwa sekunde chache. Unaweza kujihakikishia mapema kwa kupima volti ya DC kwenye ncha za spika bila kupiga chochote: milivolti chache ni salama, volti nzima moja au zaidi si salama.

Je, ufungue mwenyewe? Kama amplifaya ni ya valvu, hapana. Kapasita zake hubeba volti 400 au 500 na huweza kuzihifadhi baada ya kuchomolewa. Kama ni ya kisasa, nyepesi, yenye pawa saplai ya kubadili kwa kasi, hapana vilevile, kwa kuwa umeme wa volti 230 ukishageuzwa wa DC humo ndani hufika kama volti 325. Yako ya transista yenye transfoma nzito ni ya upole kiasi, lakini waya wa gridi, swichi na fyuzi bado vimo humo. Mwenye uzoefu wa kulehemu anaweza. Asiyekuwa nao ampelekee fundi na amweleze matokeo ya majaribio haya, maana fundi anayeambiwa "Hz 100, nobu zote sifuri, jeki ya kufunga njia imechomekwa" anajua aanzie wapi.

Ukiamua kufungua, chomoa plagi, kisha maliza umeme uliobaki kwa rezista ya ohmu 100 yenye uwezo wa wati 10, uishikilie kwenye ncha za kila kapasita kwa sekunde kama kumi, na upime kwa mita kwamba volti imeshuka chini ya 2. Usiunganishe ncha hizo kwa bisibisi, kwani itatoa cheche na kuchoma ncha. Angalia kama kichwa cha kapasita kimevimba au kuna majimaji chini yake, ingawa kapasita nyingi zilizokufa huonekana nzima kwa nje. Zichunguze pia sehemu zilizolehemiwa kwenye miguu ya kapasita na matundu ya jeki. Duara jembamba jeusi kuzunguka mguu ni ufa, na ufa huo huleta kelele inayokuja na kuondoka unapogonga bodi. Kapasita mpya iwe na volti sawa au zaidi, mikrofaradi sawa au zaidi kwa kiasi kisichozidi robo, na kiwango cha joto cha nyuzijoto 105 za Selsiasi. Mstari ulio ubavuni huonyesha upande hasi, ukiigeuza italipuka.

Kabla ya kulegeza chochote piga picha ya nyaya za ethi, na uzirudishe mahali palepale. Daiodi hujaza kapasita kwa mikupuo mifupi yenye mkondo mkubwa, na waya unaopitisha mikupuo hiyo lazima uwe tofauti na ule ambao hatua ya awali huutegemea kama sifuri yake. Waya mmoja wa ethi ukilehemiwa sentimita chache upande usio wake, mvumo wa zamani utakuwa umekwisha kweli, lakini mahali pake utasikia mkwaruzo mkavu wa Hz 100 usioguswa na nobu yoyote, na utadhani kapasita mpya ni mbovu. Ukilipata hilo, usizinunue upya: rudi kwenye picha, tafuta waya unaotoka katikati ya zile kapasita mbili kubwa, na uhakikishe kwamba daiodi na transfoma vinafika hapo kwanza, kisha ndipo waya wa kwenda kwenye spika na wa kwenda hatua ya awali vinatoka.